Kiasi Juu, Asili Chini

Machi, Kutaisi. Mto Rioni umevimba kwa theluji iliyoyeyuka
na daktari Malkhazi anaingia bila kubisha,
koti bado limelowa mabegani.
"Bandeji mpya," anasema, "inafaa au haifai?
Nipe neno moja. Moja tu."

Mezani nina orodha mbili na chai iliyopoa.
Waliofungwa bandeji ya zamani: arobaini na mmoja.
Waliotunga usaha: tisa.
Waliofungwa mpya: arobaini na watatu.
Usaha: wanne.
Hata mtoto angenyoosha kidole.
Lakini nimewahi kuona sarafu ikiangukia upande mmoja
mara saba mfululizo,
na haikuwa imerogwa.

Kwa hiyo sihesabu kana kwamba dunia imeanza leo.
Nashuka ngazi hadi masjala, kwa Tsiala,
anayefungua kabati kwa goti na tusi dogo.
Madaftari ya miaka, yananuka panya na iodini.
Katika kila ishirini, watatu:
ndivyo vidonda vilivyozoea kwenda katika jengo hili
kabla ya bandeji, kabla ya Malkhazi, kabla yangu.

Nachukua ishirini hao (si watu hasa,
ni uzito wa kumbukumbu)
nawapeleka kila upande, haki bin haki,
wawapokee wagonjwa wa leo kama wenyeji wapokeavyo wageni:
kwa ukarimu, na kwa shaka kidogo.
Tisa na watatu: kumi na wawili kati ya sitini na mmoja.
Wanne na watatu: saba kati ya sitini na watatu.
Pengo likanywea.
Sikulionea huruma.

Kisha, mstari wa sita wa wale tisa:
mwanamke, miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu.
Jina limefutwa. Limefutwa kwa nani?
Mji huu wote tulikaa kwenye madawati ya Guliko,
vumbi la chaki hadi kwenye nyusi,
naye akigonga ubao: "Kiasi juu, asili chini!
Usimshangilie wa juu
kabla hujamuuliza wa chini ametoka wapi."
Wiki tatu alilalia ubavu mmoja,
homa ikimsomesha jedwali la saba kwa sauti.

Kalamu ilisita hapo, nakiri.
Nilitamani kumhesabu mara mbili.
Nikaandika: mmoja.

Kwenye kioo cha kompyuta vilima viwili vinainuka,
vimekanyagana miguu.
Nachota namba kilima hiki, nachota kile,
mara elfu kumi, na kila mara nauliza:
ya nani ndogo?
Nje, mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
na mashine inaendelea kuuliza, haichoki, haina mwalimu.

"Tisini na moja katika mia," namwambia Malkhazi,
"kwamba mpya inapunguza usaha."
"Hiyo ni ndiyo?"
"Hiyo ni tisini na moja."
"Na tisa zilizobaki?"
"Hizo siwezi kukuondolea. Utaingia nazo chumba cha upasuaji."
Anajifuta uso kwa kiganja.
"Nikikuletea wagonjwa wengine?"
"Nitaanzia hapa nilipoishia.
Jibu la leo ndilo litakuwa kumbukumbu ya kesho."
Hakuaga. Lakini mlango aliufunga polepole.

Jioni nampelekea Guliko mkate wa moto.
Anavunja jozi kwa kitako cha kikombe,
mkono wa pili umeshika tumbo, pale kovu lilipo.
Anajua. Daima alijua nani ameangalizia.
"Mmenihesabu?"
"Tumekuhesabu, Mwalimu."
"Wangapi?"
"Mmoja."
Anatafuna. Ananikazia macho yale ya darasa la nne.
"Juu au chini?"
"Kote kuwili, Mwalimu."
Akanisukumia nusu ya jozi,
ile kubwa.